Duka Kubwa Kando ya A8: Nakuru Ihesabu Lango Kabla ya Maegesho

Kati ya miji yote ya Kenya, Nakuru ndio usiopaswa kubabaishwa na pendekezo la kujenga duka kubwa. Nakumatt ilizaliwa humu ikiwa duka la magodoro, nazo Tuskys na Naivas zilianzia Rongai, mwendo mfupi kwa matatu kutoka mjini, kabla ya kuenea hadi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Biashara hii tumeikuza wenyewe na tumeishi nayo kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, mwekezaji anapofika na michoro ya duka jipya kando ya barabara kuu ya A8, iwe upande wa Lanet na Free Area au upande wa makutano ya Njoro, swali linaloulizwa kwanza, na mara nyingi ndilo la mwisho, ni kama kuna nafasi za kutosha za kuegesha magari.

Swali hilo si baya, ila halihusiani sana na msongamano. Gari likishaingia uani na kuzimwa injini halimzuii mtu yeyote barabarani. Wanaoiziba barabara ni wale ambao bado wanataka kuingia, wale wanaotafuta upenyo wa kutokea, na lile kundi kubwa ambalo michoro huwa hailioni, yaani wateja wanaokuja kwa miguu, kwa matatu, kwa tuktuk na kwa bodaboda. Kwa hiyo ningependa mpango wa usafiri wa duka kubwa usomwe kuanzia langoni kwenda nje, katika zile mita mia chache za kwanza za barabara, na yaliyo ndani ya ukuta aachiwe mwekezaji mwenyewe, kwa kuwa maegesho yakipungua ni yeye atakayepoteza wateja.

Tuanze na lango lenyewe. Tangu shambulizi la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ukaguzi wa magari umekuwa jambo la kawaida katika majumba makubwa ya biashara nchini. Dereva anasimama na kushusha dirisha, mlinzi anapitisha kioo chenye mpini chini ya gari, mwenzake anaomba buti ifunguliwe, kisha gari linasogea hatua chache hadi kwenye kizuizi ambako kadi ya maegesho hutolewa. Kwa gari moja, shughuli nzima huisha upesi na hakuna anayelalamika. Mambo huharibika pale magari yanapofuatana.

Chukua mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi. Ikiwa ukaguzi na kadi vinachukua sekunde 20, lango la njia moja litapitisha magari 180 kwa saa, na halitapitisha zaidi ya hapo hata walinzi wajitahidi vipi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, magari 240 yakitaka kuingia katika saa hiyo hiyo, foleni itarefuka kwa gari moja kila dakika. Kama msanifu aliweka kizuizi mita 18 kutoka ukingo wa barabara, mahali panapotosha magari matatu, basi baada ya dakika nne tu gari la nne limesimama juu ya lami ya barabara kuu. Saa ikiisha, foleni nzima ina magari 60, ambayo kwa makadirio ya mita 6 kila moja ni urefu wa mita 360, na karibu urefu huo wote uko katika njia ya kushoto ya barabara inayobeba malori kutoka Mombasa hadi Malaba. Na hapa nimechukulia kwamba magari yanakuja kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Yanapokuja kwa mafungu, kama yajavyo kweli, foleni hujitokeza hata pale ambapo wastani wa saa unaonyesha kuwa lango linatosha.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kuudhi. Njia ya pili ya ukaguzi huongeza uwezo wa lango hadi magari 360 kwa saa. Kizuizi kikirudishwa ndani mita 60 au 70, foleni ya kawaida itamezwa na kiwanja chenyewe. Kadi inaweza kutolewa ndani kabisa, mbali na ukaguzi wa usalama. Kinachozuia haya si ujuzi, ni ardhi, kwa sababu kila mita inayoachwa wazi nyuma ya lango ni mita ambayo haikuchorwa nafasi ya gari. Hapo ndipo lile swali la maegesho linapoleta madhara ya moja kwa moja: kadiri kaunti inavyodai nafasi nyingi zaidi za kuegesha katika kiwanja kile kile, ndivyo msanifu anavyolisukuma lango kuelekea barabarani ili apate mahali pa kuzichora.

Suala linalofuata ni siku ya kuhesabu. Ripoti ya athari kwa usafiri hutegemea hesabu ya magari yanayopita, na wahandisi hupendelea kuhesabu kati ya Jumanne na Alhamisi katika wiki isiyo na sikukuu wala likizo, ili wapate picha ya siku ya kawaida. Kwa barabara pekee, utaratibu huo una mantiki. Kwa duka, unapotosha, kwa kuwa duka halijai Jumanne ya katikati ya mwezi. Linajaa mshahara ukiingia, linajaa Jumamosi kuanzia adhuhuri, na linafurika wiki ya kufungua shule mwezi Januari, wakati wazazi wa wanafunzi wa bweni wanapotafuta masanduku, magodoro, ndoo na sabuni kwa siku mbili tatu zile zile. Kisha kuna Desemba, ambayo kwa Nakuru ni shida ya aina yake. Siku chache kabla ya Krismasi, A8 hubeba familia zinazotoka Nairobi kwenda Kericho, Kisumu, Eldoret, Kakamega na Bungoma, na wengi wao husimama papa hapa kununua mkate, soda na zawadi za nyumbani. Kilele cha barabara na kilele cha duka huangukia siku moja. Ripoti iliyohesabu magari katikati ya Juni haiwezi kuliona jambo hilo hata ikiandikwa na mhandisi hodari kuliko wote.

Makisio ya wateja nayo yana kasoro yake. Vitabu vinavyotegemewa sana duniani kukisia idadi ya safari zitakazozalishwa na duka la ukubwa fulani vimetokana na takwimu za Taasisi ya Wahandisi wa Usafiri ya Marekani, ambazo kwa sehemu kubwa zilikusanywa katika vitongoji ambako mtu huenda dukani kwa gari lake hata kama ni kununua maziwa. Vikitumiwa bila kurekebishwa, vitatuzidishia magari tusiyokuwa nayo na kutuficha watu tulio nao. Matokeo yake yanaonekana kwa macho: uwanja mpana wa maegesho usiojaa siku nyingi za wiki, na nje ya ukuta, ukanda mwembamba wa vumbi ambako mamia ya wateja wanasukumana na pikipiki.

Hapa inafaa kukaa kidogo na bodaboda. Katika hesabu za uhandisi, kila chombo hugeuzwa kuwa kipimo cha gari dogo ili vyote viweze kujumlishwa. Lori huchukuliwa kama magari mawili au zaidi, na pikipiki kama nusu ya gari au chini ya hapo. Kwa pikipiki inayokwenda, kipimo hicho kinakubalika, maana haichukui nafasi kubwa na hupenya palipo finyu. Lakini mbele ya duka bodaboda haipiti tu. Inafika, inashusha, inageuka, inasubiri abiria mwingine, na baada ya robo saa inaondoka. Gari la mteja linahesabiwa likiingia na likitoka, na muda wote wa katikati limehifadhiwa ndani. Pikipiki hutumia muda wake wa katikati nje, begani mwa barabara, na zikifika ishirini zimekula njia ya kushoto kwa urefu wa kutosha kuzuia basi. Kwenye jedwali la ripoti, pikipiki ishirini hizo zitaonekana kama magari kumi au pungufu, yaani karibu si kitu.

Wenye maduka wengi hawaruhusu bodaboda kuingia uani, na wana sababu zao za usalama na za nidhamu. Mtazame, basi, mteja aliyenunua bela la unga na mtungi wa mafuta wa lita ishirini. Anasukuma toroli hadi mlangoni, anaambiwa toroli haivuki hapo, anajitwika mzigo na kupita katikati ya magari yanayorudi nyuma, kwa kuwa hakuna aliyechora njia ya miguu kutoka mlango wa duka hadi langoni. Akifika langoni anatokea katika njia ile ile ya magari, kwa kuwa lango dogo la watembea kwa miguu limefungwa kwa kufuli. Ndipo anapopiga mbinja, na pikipiki tatu zinamkimbilia kwa pamoja. Mteja huyu ameacha pesa dukani sawa na yule wa gari, pengine zaidi, lakini katika mchoro mzima hakutengewa hata mita moja ya mraba.

Kinachotakiwa ni steji ya bodaboda na tuktuk iliyo ndani ya kiwanja cha duka, yenye lango lake la kuingilia na la kutokea, karibu na mlango kuliko maegesho ya magari. Ikiwa mbali, itakuwa mapambo, kwa kuwa mwendesha bodaboda hufuata alipo mteja. Ni vivyo hivyo kwa matatu za kutoka mjini kuelekea Free Area na Lanet. Zitasimama mbele ya duka kwa hiari ya makanga na abiria, ziwe zimechorewa kituo au la, na zikikosa pahali pa kuingilia zitasimama barabarani. Abiria wa upande wa pili watavuka kwa miguu pale pale waliposhushwa. Kisumu, katika mpango wake wa usafiri endelevu wa mwaka 2020, ilianza kuwahesabu watembea kwa miguu na abiria wa bodaboda kama watumiaji wakuu wa barabara, na si ajabu Nakuru ikiiga hilo bila kuona aibu, pamoja na utani wote ulioko kati ya majiji haya mawili.

Kuhusu kukata kona, A8 kati ya Lanet na makutano ya Njoro ina njia mbili kila upande zilizotenganishwa katikati. Kwa vile tunaendesha upande wa kushoto, duka lililoko kushoto mwa mtu anayetoka Nairobi linafikika kwa urahisi kwake, ilhali anayetoka katikati ya jiji kuelekea Lanet hana budi kulipita, kwenda kugeuza mbele, na kurudi. Ripoti nyingi zingemaliza jambo hili kwa sentensi moja kwamba madereva watageuza kwenye upenyo unaofuata. Mimi ningetaka kujua upenyo huo uko umbali gani, unaweza kushika magari mangapi yanayosubiri kabla hayajaziba njia ya kulia, ambayo ndiyo ya mwendo wa kasi, na kama gari lililosimama kabisa linaweza kujiunga na njia hiyo lori likiwa linateremka. Tena tujiulize kwa uaminifu: mwendesha bodaboda aliyelipwa shilingi 50 atazunguka kilomita mbili kufuata sheria? Atapita begani akielekea kinyume, na mpangaji asiyelitazamia hilo anapanga barabara ya watu wasiokuwepo.

Malori ya bidhaa sitayazungumzia kwa kirefu. Yatosha kusema yawe na lango lao, ua wa kugeuzia ndani kwa ndani ili trela isirudi nyuma kutokea barabara kuu, na saa za kushusha mizigo ziandikwe katika idhini.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kiko katika mgawanyo wa mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti mipango ya maendeleo, biashara, barabara za kaunti, trafiki na maegesho, huku barabara kuu za kitaifa zikibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Sheria ya Barabara ya 2007 ndiyo iliyounda KeNHA, yaani mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, ambayo husimamia A8. Kwa hiyo anayeidhinisha jengo ni mmoja na anayeruhusu lango lifunguke kwenye barabara ni mwingine. Kaunti inaweza kupitisha michoro mizuri yenye lango lisilo na idhini ya barabara, na KeNHA inaweza kuruhusu lango bila kujua kwamba jengo limeongezwa ghorofa. Msongamano ukianza, kila ofisi ina karatasi ya kuonyesha kwamba sehemu yake ilikuwa sawa. Sasa hivi jambo hilo ni nyeti zaidi, kwa kuwa tangu mwishoni mwa 2025 upanuzi wa A8 kutoka Rironi hadi Mau Summit, kupitia Nakuru, umezinduliwa kwa ubia na wawekezaji watakaorejesha fedha zao kwa kutoza ada. Barabara ya kulipia haipendi malango mengi. Duka litakalojengwa leo likitegemea kufungua lango moja kwa moja kwenye A8 linaweza kujikuta kesho likihitaji barabara ya pembeni ambayo kiwanja chake hakikuiachia nafasi.

Mwananchi ana mlango wa kuingilia katika mambo haya, ila ni mwembamba, na saa yake inakwenda mbio. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake ili watu watoe pingamizi. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini itachukuliwa kuwa imetolewa. Uamuzi ukitoka, asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uratibu ya kaunti. Sasa weka kando ya siku hizo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la taarifa. Mkazi wa Free Area anayesubiri uamuzi utangazwe ndipo aombe ripoti ya usafiri, anaweza kuipokea kwa njia halali kabisa wiki moja baada ya muda wa rufaa kwisha. Sidhani kwamba kuna aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo sheria zinavyokutana. Njia ya kujikinga ni kuomba ripoti siku ile ile bango la tangazo linaposimikwa kiwanjani. Njia bora zaidi ingekuwa kaunti kuichapisha ripoti hiyo pamoja na tangazo lenyewe, jambo ambalo halihitaji sheria mpya.

Kuna hoja mbili dhidi ya haya yote, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba masharti mazito humfukuza mwekezaji, na vijana wakakosa ajira. Sikubaliani nayo sana. Njia ya pili ya ukaguzi, steji ya bodaboda na njia ya miguu ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na jengo zima zikichorwa mapema. Huwa ghali zinapotakiwa baada ya ukuta kusimama. Hoja ya pili ina uzito zaidi: duka la upande wa Lanet linaweza kupunguza safari za kuingia katikati ya jiji, kwa hiyo linapunguza msongamano badala ya kuuongeza. Ni kweli, na ni sababu nzuri ya kulikubali duka hapo. Katikati ya Nakuru pamebanwa kati ya reli na A8 upande wa kaskazini na hifadhi ya ziwa upande wa kusini, na kila safari inayoepushwa huko ni nafuu. Lakini nafuu ya Kenyatta Avenue hailipwi kwa kuifunga A8. Wanaonufaika ni wanunuzi, na wanaokwama ni abiria wa kwenda Kisumu na dereva wa lori la Uganda, ambao hawakuwa na haja na duka lolote.

Kwa hiyo ningeifunga idhini kwa mambo machache yanayoweza kukaguliwa. Hesabu ya magari na watu ifanywe pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na waliokuja kwa miguu, matatu na bodaboda wahesabiwe kama wateja kamili. Barua ya KeNHA kuhusu lango iambatishwe kabla kaunti haijakaa kuijadili michoro. Muhimu kuliko yote, kazi za barabarani zikamilike kabla ya cheti cha kuruhusu jengo litumike kutolewa, kwa maana siku duka linapokata utepe ndiyo siku kaunti inapopoteza nguvu yote ya kumsukuma mwenye jengo. Miezi sita baadaye wahesabu tena, wiki ya shule ikiwemo, na gharama ya kurekebisha kasoro itoke katika dhamana ya benki iliyowekwa tangu mwanzo.

Masharti hayo yaandikwe juu ya kiwanja, yasiandikwe juu ya jina la duka. Nakuru inajua sababu. Nakumatt ilipoanguka, kuanzia 2017, na Tuskys ikafuata miaka michache baadaye, majengo yao yalibaki na kupangishwa wengine, na lango likabaki pale pale lilipokuwa. Mpangaji mpya hawezi kudaiwa ahadi aliyoitoa mwenzake aliyefilisika, lakini mwenye ardhi anaweza.